Gari Lile Lile, Njia Nyingine

Wengi wenu mnaifahamu Dumila, pale ambapo barabara ya Kilosa inachepuka kutoka barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Jumamosi moja jioni tulikiendea kibanda cha gemu cha hapo tukiwa na hasira. Vijana wawili wa mafundisho ya Kipaimara walikuwa wamekosa vipindi vitatu, nasi tulikwisha azimia kuyafuta majina yao. Orodha ilikuwa mkononi.

Tuliwakuta mbele ya luninga wakiendesha magari ya mbio katika Gran Turismo 4, mchezo uliotolewa mwaka 2004. Hawakutuona. Mmoja alikuwa akilalamika. Gari lake lilikuwa limeshinda Le Mans, njia ya Ufaransa yenye urefu wa kilometa 13 na zaidi, ambayo sehemu zake ndefu zimenyooka. Kwa ajili ya njia hiyo alikuwa amelaza bawa la nyuma ili upepo usilizuie gari, akapanga gia kwa mwendo wa juu, akakaza springi na kulishusha gari karibu na lami. Sasa alikuwa Nürburgring, Ujerumani: karibu kilometa 21 za kupanda na kushuka msituni, na kona zaidi ya 70. Gari lile lile lilimponyoka kila kona. Kwa uchungu akabadili kila kitu kwa mara moja, bawa, gia, springi na breki. Likazidi kuwa baya, wala hakujua tena kosa liko wapi.

“Rudisha yote, kaka,” mwenzake akamwambia. “Anza na bawa tu. Zunguka mara moja, ulisikilize gari.”

Akainua bawa. Gari likapungua mwendo kwenye mnyooko, lakini likashika barabara konani. Mzunguko wa pili akalegeza springi kidogo, na magurudumu yakaacha kurukaruka kwenye mabonde. Kila jaribio lilikula dakika nyingi, na muda wa gemu hulipiwa. Hata hivyo hakuharakisha.

Wapendwa, pale mlangoni hasira ilitutoka, ikaja aibu. Mafundisho yetu tulikuwa tumeyaandaa kwa watoto wa Morogoro mjini, tukayaleta Dumila bila kugeuza neno. Vijana walipoanza kupungua tulibadili siku, saa, kitabu na adhabu, yote katika wiki moja. Walipozidi kupungua tukasema vijana wa siku hizi hawana imani. (Ni neno jepesi, nasi makatekista tunalipenda mno.)

“Shikamoo, mwalimu,” walishtuka.

“Marahaba. Ni kitu gani kilichowaondoa?”

Walitazamana. Yule wa bawa akajibu kwa sauti ya chini: “Ni siku, mwalimu. Mlituhamishia Jumamosi asubuhi. Ndipo tunapopakia magunia ya mahindi kwenye malori. Mama anategemea ile fedha.”

Hatukuwa tumemwuliza hata mmoja.

Tulirudisha kipindi Jumapili mchana, kama zamani. Kitabu na mengine yote tuliyaacha yalivyo, tuone kwanza. Jumapili iliyofuata mmoja wao alikuja, akaketi benchi la nyuma. Mwenzake hajaja bado. Jina lake limo katika orodha, nasi kesho tunapita nyumbani kwa mama yake.