Rangi ya Kiwandani: Ushahidi Ulio Chini ya Zulia

Gari la kale la Kimarekani lenye paa la kukunja huwa na sura mbili. Ya kwanza ni bodi, ambayo kila mpita njia huiona. Ya pili ni ya ndani: viti, zulia, milango na dashibodi, ambayo hujitokeza paa linapofunuliwa. Sura hii ya pili ndiyo huharibika mapema, kwa kuwa jua na mvua huingia bila kizuizi. Ndiyo pia hubadilishwa kwa urahisi zaidi, na ndiyo huzua mabishano makali gari linapofika sokoni.

Swali lenyewe ni fupi. Je, viti hivi vyekundu vilikuwa vyekundu siku gari lilipotoka kiwandani? Mnunuzi aliye Muscat au London, anayetazama picha za gari lililo Ohio, huenda akalipa fedha nyingi kwa kuamini jibu la muuzaji. Jibu likiwa la uongo, amenunua kitu kingine, hata kama injini na chasisi ni halisi.

Zipo kesi ambazo ni rahisi kuamua. Chevrolet ilipoanza kutengeneza Corvette mjini Flint, Michigan, mwaka 1953, magari 300 tu yalitengenezwa mwaka huo, na yote yalifanana: bodi nyeupe, ndani nyekundu, paa jeusi la turubai. Basi Corvette ya mwaka 1953 yenye viti vyeusi haihitaji uchunguzi, imebadilishwa. Lakini mwaka uliofuata, kazi ilipohamia St. Louis, Missouri, rangi ziliongezeka, na gari la buluu lilitoka na viti vya rangi ya beji. Kuanzia hapo macho peke yake hayakutosha tena.

Shahidi wa kwanza anayeulizwa ni kibao cha chuma kilichogongwa ribiti kiwandani. Ford ilikiweka kwenye mlango wa dereva. Katika Mustang ya mwaka wa modeli 1965, kibao hicho hueleza aina ya bodi, rangi ya nje, rangi na aina ya viti, na tarehe ya kuundwa. Alama 76A ni gari la paa la kukunja lenye viti vya kawaida. 76B ni gari kama hilo lenye mapambo ya kifahari, ambalo migongo ya viti vyake ina picha ya farasi wanaokimbia. Kwa viti vya kawaida, namba 22 ni buluu, 25 ni nyekundu, na 26 ni nyeusi. Kwa viti vya kifahari, 65 ni nyekundu na 66 ni nyeusi.

Kwa hiyo mtu akionyeshwa Mustang yenye farasi vitini, huku kibao kikisema 76A na 26, hana haja ya kubishana. Gari hilo lilizaliwa na viti vyeusi vya kawaida, na farasi waliletwa baadaye.

Hata hivyo, mlango hufunguliwa skrubu na kuhamishwa. Gari lililogongwa ubavuni huenda lilipewa mlango wa gari jingine, pamoja na kibao chake. Ndiyo maana namba ya utambulisho iliyo kwenye kibao lazima ilinganishwe na ile iliyopigwa muhuri kwenye chuma cha chumba cha injini, upande wa ndani wa madigadi. Namba zikitofautiana, kibao ni shahidi wa gari jingine.

Kwa magari ya General Motors tatizo ni zito zaidi. Kibao chake kilifungwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Hutaja mtindo wa bodi, na katika miaka ya 1960 tarakimu 67 mwishoni mwa namba ya mtindo humaanisha paa la kukunja. Hutaja pia rangi ya nje na ya ndani. Lakini katika magari mengi ya muongo huo, kibao kilibeba namba ya bodi, si namba ya utambulisho wa gari. Hakuna tarakimu inayokifunga na gari moja tu, na kwa sababu hiyo kinaweza kung'olewa kwenye gari bovu na kupachikwa kwenye gari la thamani kubwa zaidi.

Mfano unaofahamika ni Camaro ya mwaka 1969 iliyotengenezwa kwa sura ya gari lililoongoza mashindano ya Indianapolis 500 mwaka huo. Magari 3,675 ya paa la kukunja yaliuzwa chini ya alama Z11: meupe, yenye mistari ya rangi ya machungwa na viti vyenye kitambaa cha vimiraba vya rangi hiyo hiyo. Alama ya viti hivyo ni 720. Kupaka Camaro rangi nyeupe, kuichora mistari na kushona viti vipya ni kazi ya wiki chache. Zaidi ya hayo, vibao vipya vya kuigiza huuzwa. Kibao kinachosema 720 ni mwanzo wa uchunguzi, wala si mwisho wake.

Shahidi wa pili ni karatasi. Wafanyakazi wa kiwandani waliongozwa na karatasi ya maagizo iliyoorodhesha kila kifaa cha gari, na mara nyingi ilisahaulika kati ya springi za viti au juu ya tangi la mafuta. Katika Corvette nyingi za kuanzia mwaka 1967 iligandishwa juu ya tangi. Karatasi hiyo nayo lazima isomwe kwa makini, kwani wakati mwingine karatasi ya gari moja iliachwa ndani ya gari lililofuata. Namba ndiyo huamua.

Yapo pia makabrasha. Kampuni ya Marti Auto Works ya Arizona ina kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia mwaka 1967, na kwa kutumia namba ya gari hutoa ripoti inayotaja rangi za nje na za ndani. Kwa Pontiac, PHS ina nakala za hati za kiwanda kuanzia mwaka 1961 hadi 1986. Lakini Mustang za mwaka 1965 na 1966 hazimo katika kumbukumbu za Marti, na mwenye gari hurudi kwenye kibao na kwa shahidi wa tatu.

Shahidi huyo ni gari lenyewe. Rangi ya awali hujificha mahali ambapo mtu mwenye haraka hafiki. Zulia huhifadhi rangi yake chini ya ukanda wa chuma wa kizingiti cha mlango, ambako jua halikuwahi kufika. Reksini iliyopakwa rangi upya hujulikana kwenye mikunjo ya mshono, upande wa nyuma uliofungwa ndani ya kiti, na chini ya vichwa vya skrubu. Kava la mlango likitolewa, chuma kilicho nyuma yake huonyesha mpaka wa rangi ya kwanza. Nguzo ya usukani na sehemu za chini za dashibodi, zilizopakwa rangi ili zilingane na viti, ni nadra kusafishwa hadi kwenye chuma. Plastiki ikikwaruzwa mahali pasipoonekana hufichua rangi iliyo chini.

Kwa gari la paa la kukunja, kuna mahali pa ziada: lile shimo nyuma ya kiti cha abiria ambamo paa hujikunja. Mafundi wengi waliobadilisha rangi ya viti na milango hawakuona sababu ya kuhangaika humo.

Mashahidi hawa watatu wakikubaliana, jambo limekwisha. Wakitofautiana, gari haliwezi kuitwa halisi kwa rangi hadi tofauti ielezwe. Kutia viti rangi nyingine si kosa. Wengi walifanya hivyo kwa sababu reksini ilipasuka, au kwa sababu walipenda nyekundu kuliko nyeusi. Kosa huanza pale historia ya gari inapogeuzwa ili ilingane na viti vipya. Na mwenye kuthubutu kugusa namba ya utambulisho yenyewe anavunja sheria ya shirikisho ya Marekani, ambayo adhabu yake hufika kifungo cha miaka 5.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayetaka kujua vilivyoundwa na kiwanda, na vilivyoundwa na fundi wa baadaye, hana budi kuinua zulia kabla ya kutoa fedha.