Skani ya Saratani na Jeni za Kurithi

Skani ya PET-CT humwonyesha daktari wa upasuaji mahali saratani ilipo, na ilikosambaa, kabla hajashika kisu. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa florini-18 yenye mnururisho. Seli nyingi za saratani zina ulafi wa sukari, hivyo hung'aa kwenye picha. Ubongo nao hung'aa. Si kila king'aacho ni uvimbe. Nguvu ya florini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi, na kwa foleni za Nairobi hilo si jambo dogo. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Parklands, ina mashine yake, saiklotroni, ya kuitengeneza papo hapo.

Skani huonyesha saratani iliyokwisha kuwapo; jeni huonyesha hatari kabla ya uvimbe kuwapo. Jeni ya BRCA1, iliyotambuliwa mwaka 1994, husaidia kurekebisha DNA iliyoharibika. Kati ya wanawake waliorithi kasoro yake, zaidi ya 6 kati ya 10 hupata saratani ya matiti maishani. Baba pia huweza kuirithisha, ingawa familia nyingi huulizia upande wa mama tu. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hawana kasoro hiyo, kwa hiyo asiyekutwa nayo bado anahitaji mamogramu, yaani eksirei ya matiti, afikapo umri wa kupimwa.