Ndege wa Mashamba Yetu

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kariandusi)



Nasema mbele yenu juu ya jambo ambalo huenda wengine watalihesabu kuwa dogo, yaani habari za ndege wa mashamba. Nalileta hapa kwa sababu ya swali moja lililo mbele ya Mkutano huu: je, kile kipande cha nyasi na vichaka kando ya kijito, ambacho ni mali ya Chama, kikodishwe ili kilimwe, au kiachwe kama kilivyo? Kodi yake ingesaidia karo za watoto wa wanachama. Kwa hiyo si haki mtu ye yote aseme kiachwe, pasipo kueleza sababu. Mimi nasema kiachwe, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza yafaa tufahamu ndege huhitaji nini. Mahitaji yake ni mawili: chakula, na mahali salama pa kutaga na kulea makinda. Akikosa kimoja kati ya hivyo, hakai. Mfano mzuri tunao karibu nasi. Katika miaka ya 1950 na 1960 samaki wadogo wa jamii ya perege walitolewa Magadi wakatiwa katika ziwa la Nakuru, ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki hao walipoongezeka, mwari, yule ndege mkubwa mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo, alikuja kwa wingi. Na kabla ya miaka ya 1960 kwisha alikuwa ameanza kuzaa juu ya visiwa vya mawe vya Elementaita. Alikula Nakuru na kulea Elementaita. Hakuna mtu aliyewaalika mwari hao. Chakula kiliwaita, na visiwa vikawapokea.

Tangu hapo ziwa letu limepata heshima kubwa. Mwaka 2005 liliandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaohusu ardhi zenye maji, na mwaka 2011 UNESCO ililitia katika Urithi wa Dunia pamoja na maziwa ya Nakuru na Bogoria. Walakini heshima hiyo hailindi nyasi za mkulima. Mwari na heroe wana watetezi wengi. Lakini kwale, korongo, mwewe na bundi wa shambani hawana mtetezi ila mwenye shamba.

Sasa tutazame majirani zetu wa Kinangop, juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Huko kuna ndege mdogo mwenye kifua cha manjano na ukucha mrefu wa nyuma, ambaye wataalamu humwita kwa jina la Sharpe. Ndege huyu haonekani po pote duniani isipokuwa katika nyanda za juu za Kenya. Hakai msituni wala katika mahindi. Hukaa katika malisho tu, hula wadudu, na hujenga kiota chake ndani ya mashina ya nyasi ngumu. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, mashamba makubwa ya malisho yaligawanywa kuwa mashamba madogo, na mwaka hata mwaka nyasi zimelimwa zikapandwa viazi, kabeji na mahindi. Hakuna awezaye kuwalaumu wananchi waliotafuta chakula cha watoto wao. Lakini kila shina la nyasi ling'olewapo, nyumba ya ndege huyo imebomolewa, na leo anahesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Wakulima wa huko hawakukaa kimya. Walianzisha chama cha marafiki wa uwanda wa Kinangop, na Njabini kikaundwa kikundi cha kusokota na kufuma sufu ya kondoo, ili mwenye nyasi apate fedha kwa nyasi zake pasipo kuzilima. Shirika la Nature Kenya nalo lilinunua sehemu ya malisho ili ibaki kuwa malisho. Hilo ni funzo kwetu: nyasi zikimletea mwenyewe faida hazitakosa mlinzi, zikiwa hazimletei kitu, jembe litazimaliza.

Wa pili ni korongo mwenye taji, ambaye wazee wanamjua vyema. Yeye huzaa katika majani marefu ya bwawa na kando ya vijito, kisha huwaongoza watoto wake mashambani na malishoni kutafuta wadudu, vyura na mbegu. Mwaka 2012 aliingizwa katika orodha ya dunia ya walio hatarini, maana mabwawa yanakaushwa, na watu huiba mayai na makinda ili kuyauza. Bwawa likikauka, hata shamba likiwa na chakula tele, korongo hatalea.

Wa tatu ni ndege wawindaji. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza matokeo ya kulinganisha hesabu zilizofanywa barabarani nchini Kenya katika miaka ya 1970 na zile za tangu 2003 hata 2020. Katika aina 22 za ndege hao, aina 19 zilikuwa zimepungua. Mmoja wao ni yule mwewe mwenye mkia mwekundu apendaye kutua juu ya nguzo za simu. Chakula chake ni panya na fuko, yaani wezi wale wale wanaotushinda ghalani na katika viazi.

Tena hapo sisi wenyewe tuna sehemu katika hasara hiyo. Fisi akiua mbuzi, kuna mtu atiaye sumu katika mzoga. Huenda fisi asifike kabisa. Tumbusi ndio wafikao kwanza, na mzoga mmoja waweza kuwaua kwa makumi. Tumbusi wakiisha, mizoga huachiwa mbwa, na mbwa huja nyumbani. Mwaka 2009 dawa iitwayo Furadan iliondolewa katika maduka ya Kenya kwa sababu ya kutumiwa hivyo. Lakini dawa moja kuondolewa dukani si dawa ya moyo wa mtu. Kadhalika panya aliyekula sumu hujikokota nje, bundi humla, na bundi naye hufa.

Najua kwamba wengi hawapendi kumsikia bundi akilia juu ya paa. Sitabishana na wazee juu ya mila. Nasema tu kwamba bundi huja mahali palipo na panya. Huko Nyeri, upande wa Kiawara, wapo wakulima waliolinda bundi wakubwa walio karibu na mashamba yao, na wageni hulipa ili kuwatazama.

Mtu ataniuliza: Karani, umesahau kwamba ndege hula mazao yetu? La, sikusahau. Kwelea wakishuka katika ngano huacha mabua matupu. Korongo hufukua mbegu za mahindi zilizopandwa jana. Hasara hizo ni za kweli, na mtu afukuze ndege shambani mwake kwa makelele, vinyago vya kutishia na walinzi. Lakini kufukuza ni jambo moja, na kuangamiza ni jambo lingine. Mwaka 1958 serikali ya China iliwaamuru watu wake kuwaua shomoro wote, kwa kuwa walikula nafaka. Watu walipiga masufuria na ngoma hata ndege wakaanguka kwa kuchoka. Kisha nzige na wadudu wengine wakazidi mashambani, na mwaka 1960 shomoro akaondolewa katika orodha ya maadui. Na Uingereza, nchi yenye mashine na elimu nyingi ya kilimo, ndege wa mashamba wamepungua zaidi ya nusu tangu mwaka 1970, hasa kwa kung'oa nyua za miti, kutumia dawa nyingi na kutoacha pembe isiyolimwa. Sasa serikali yao hulipa fedha wakulima warudishe yale waliyoyaondoa. Sisi bado tunayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo natoa mashauri matano mbele ya Mkutano.

La kwanza, kila mwanachama aache ukanda wa nyasi, upana wa hatua mbili au tatu, pembeni mwa shamba lake, wala asiuchome moto. Ukanda huo utamfaa kwale, na pia utazuia udongo usichukuliwe na mvua.

La pili, leleshwa na migunga isikatwe yote kwa makaa. Anayekata aache vichaka vingine visimame.

La tatu, mwanachama ye yote asitie sumu katika mzoga. Akipotewa na mifugo kwa sababu ya mnyama wa mwitu, Halmashauri imsaidie kuandika madai yake kwa idara ya wanyama pori chini ya sheria ya mwaka 2013. Madai hukawia, nakiri. Lakini sumu haijapata kumrudishia mtu mbuzi.

La nne, wazazi na walimu wawakataze watoto kupiga ndege kwa manati na kuvunja viota. Badala yake wafundishwe kuhesabu, kama wafanyavyo watu wa Makumbusho ya Taifa na Nature Kenya wanaohesabu ndege wa maziwa yetu kila Januari.

La tano, nalo ndilo swali letu: kipande cha Chama kisilimwe kwa muda wa miaka mitatu. Hapo kando ya kijito pana majani marefu ya korongo, vichaka vya kwale, na miti ya mwewe. Mahali pengine kama hapo ni haba katika upande huu. Ili Chama kisikose fedha kabisa, wanachama waruhusiwe kukata majani kwa ajili ya ng'ombe wao kwa malipo kidogo, baada ya makinda kuruka. Fedha hizo hazitafikia kodi ya mlimaji. Pengo hilo ni la kweli, nami sitaki mtu apige kura asilijue. Miaka mitatu ikiisha, hesabu ya ndege na hesabu ya fedha zote mbili ziletwe mbele yenu, mwamue tena.

Nyasi zilizolimwa huweza kurudi, lakini hazirudi upesi, na ndege aliyekosa kiota miaka mingi huenda asirudi kamwe. Uamuzi wa kulima twaweza kuufanya mwaka wo wote. Uamuzi wa kuacha tunao leo tu, maana mkodishaji yu mlangoni na jembe lake.

Bwana Mwenyekiti, swali naliacha mikononi mwa Mkutano.