Hotuba ya Mwenyekiti: Watoto Wetu wa Daraja la Nne

 

Habari za hisa na faida mweka hazina atazisoma. Mimi nimeomba niseme la watoto wetu waliopata daraja la nne, maana hiyo ndiyo mikopo iliyotutoa jasho vikaoni miaka yote kumi. Wapo waliosema kumkopea mtoto wa namna hiyo ni kumwaga maji mchangani. Mimi sikubali, na nitaeleza.

Elimu yangu ni darasa la saba, lakini karatasi ya matokeo nimejifunza kuisoma. Baraza la Mitihani linachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi moja, F ni pointi tano. Zikijumlishwa zikawa kati ya 26 na 33, ndiyo daraja la nne. Sasa sisi tukisikia "divisheni foo" tunalia kama msibani, hata masomo hatuyaangalii.

Binti wa mwenzetu mmoja alipata pointi 28. Kiswahili C, Uraia C, Biolojia, Kemia na Fizikia D, Hisabati na Kiingereza F. Baba yake akasema basi, akalime ufuta. Lakini chuo cha uuguzi kinadai afaulu masomo manne, ya dini hayahesabiwi, na kati ya hayo ziwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. D ni kufaulu! Kwa hiyo mtoto alikuwa na sifa ya kuomba.

Ila jamani, kuwa na sifa si kupata nafasi. Nafasi chache, wenye C wengi, na aliyefaulu Hisabati na Kiingereza anatangulizwa. Aliomba vyuo vitatu, vyote vikamwacha. Tukabishana hapa mpaka magharibi, mwisho tukamkopesha mama yake. Binti akarudia Biolojia na Kiingereza mwezi wa Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata C zote mbili, msimu uliofuata akachukuliwa. Leo anachoma sindano zahanati, na mkopo ulirudi wote na riba yake.

Ualimu ni habari nyingine. Chuo cha Ualimu tunacho hapa hapa Nachingwea, kila mama anatamani mwanawe asome karibu. Zamani daraja la nne walipita, siku hizi wanataka la kwanza mpaka la tatu. Msipoteze hela huko. VETA nao wana fani zinazopokea hata aliyeishia darasa la saba, na fundi umeme au fundi magari halali njaa. Sijui kwa nini tunaona aibu kupeleka mabinti.

Jihadharini na vishoka. Anakuja mtu na tai, anasema mpe laki mbili atamwingiza mtoto chuoni "kwa mlango wa nyuma." Mama mmoja aliuza mbuzi wake, na huyo mtu simu haipatikani hadi leo. Kabla ya kulipa chochote, nendeni steshenari mkaangalie kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, na mwongozo wao unaandika sifa za kila kozi. Mtoto asome kwa sauti, nanyi msikilize.

Tena tuangalie majira. Matokeo yanatoka mwishoni mwa Januari, wakati hela ya korosho bado ipo ndani. Kujiandikisha kurudia mtihani nako ni miezi hiyo hiyo ya mwanzo wa mwaka. Ukingoja ufuta uuzwe, umechelewa, na hela ya korosho imekwisha kwenye ngoma za unyago.

Kwa hiyo naomba mfuko wa elimu ufunguliwe Januari badala ya Juni. Wenye watoto wa kurudia mtihani mpeni katibu majina leo, kabla ya chakula, na karatasi ya matokeo mje nayo.