Muhula wa Ulaya, kinywe cha Ruangwa na daftari la Naipingo

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha ndani cha vijana wetu, Naipingo, katikati ya mwaka 2025. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Utani nimeupunguza.)

 

Nimeambiwa nisizidishe nusu saa maana wenye bodaboda wanataka kuwahi Ruangwa kabla ya giza. Sawa. Mada niliyopewa ni uchumi na mazingira, na mimi nimeamua kuanzia Ulaya. Najua kuna mtu hapo ameshaguna. Subiri kidogo kamanda, utaona Ulaya imeingiaje Naipingo.

Kwanza niwakumbushe kitu ambacho wazee hapa wanakijua kuliko mimi. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na haina mafuta ya kula. Siagi kwa mgao, mafuta ya kupikia kwa mgao. Wakatuma watu watatu kuja kuangalia ardhi ya Afrika Mashariki. Wakazunguka kama wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi London na ripoti. Mwaka 1947 serikali ya kule ikatangaza mradi wa karanga: zaidi ya ekari milioni tatu zifyekwe, nyingi zaidi huku kwetu kusini, nyingine Kongwa na Urambo. Bandari ya Mtwara ya kina kirefu ikajengwa kwa ajili hiyo. Reli ikatoka pwani mpaka Nachingwea. Ukisikia mtu anasema anatoka Farm Seventeen, jina hilo limebaki kutoka mashamba yale.

Januari 1951 wakatangaza wamefunga hesabu. Hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Mvua haikufuata ripoti na udongo wa Kongwa ulivunja majembe ya trekta. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Babu yangu alikuwa kibarua kwenye kung'oa visiki, na mpaka anakufa alikuwa akiulizwa kuhusu Waingereza anajibu, "Walikuwa na haraka." Hakuna aliyemuuliza yeye mvua za huku zinaanza lini.

Ule ulikuwa mpango wa uchumi wa Ulaya uliopangiwa ardhi ya Nachingwea bila kuiuliza ardhi yenyewe. Sasa tuje kwenye mpango wa leo.

Umoja wa Ulaya tangu 2011 una utaratibu ambao wenyewe wanauita Muhula wa Ulaya. Ndiyo, kama muhula wa shule, na unafanana na shule kweli. Karibu Novemba Tume ya Ulaya inatoa tathmini. Mwaka unaofuata, kwenye Aprili, kila serikali inapeleka Brussels mpango wake wa uchumi: nitakusanya hiki, nitatumia hiki, deni langu ni hili. Ikifika Mei au Juni daftari linarudi limesahihishwa. Mwanzoni walichokuwa wanasahihisha zaidi ni hesabu: nakisi isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 60. Mazingira yalikuwa na wizara yake, na fedha ilikuwa na wizara yake, na hawa wawili walikuwa hawasalimiani.

Halafu Desemba 2019 wakatangaza Mpango wa Kijani. Mwaka 2021 wakaweka kwenye sheria kwamba kufikia 2030 wapunguze hewa chafu kwa asilimia 55 kulinganisha na 1990, na 2050 wafike sifuri. Hapo ndipo ikabidi wizara mbili zisalimiane. Kwenye ule mfuko mkubwa wa kujikwamua baada ya korona, kila nchi ililazimika kuonyesha kwamba angalau asilimia 37 ya fedha zake inakwenda kwenye malengo ya tabianchi. Na kanuni mpya za bajeti zilizoanza Aprili 2024 zinasema nchi yenye deni kubwa inaweza kuongezewa muda wa kujirekebisha, kutoka miaka 4 mpaka 7, ikionyesha mageuzi na uwekezaji wa maana, ikiwemo wa kijani.

Siwaambii haya ili tuwapigie makofi. Wana ugomvi wao mkubwa humo ndani. Sheria yao ya kuyabana makampuni yachunguze madhara wanayoleta kwa watu na mazingira ilianza kuwa na nguvu Julai 2024. Februari 2025, hata haijaanza kumgusa mtu, Tume yenyewe ikapendekeza ilegezwe. Kwa hiyo tusidanganyane. Lakini wamefanya jambo moja ambalo sisi hatujafanya: lengo la mazingira limewekwa ndani ya kalenda ya fedha. Waziri wa fedha akisimama na hesabu zake anaulizwa na hilo pia.

Sasa hilo linatuhusu nini?

Lengo la asilimia 55 linataka magari ya umeme. Gari la umeme linataka betri. Betri inataka kinywe, makumi ya kilo kwa gari moja. Na kinywe, jamani, kiko wapi? Nachu, Chilalo, Lindi Jumbo. Hayo si majina ya Ulaya, ni Ruangwa hapo. Na huku kwetu Nachingwea kuna nikeli ya Ntaka. Mei 2024 Ulaya ilianzisha sheria ya madini muhimu, na kinywe na nikeli za betri zimo kwenye orodha ya madini ya kimkakati. Sheria inasema kufikia 2030 wasitegemee nchi moja ya nje kwa zaidi ya asilimia 65 ya madini hayo. Kwenye kinywe wanamlenga China, ambaye tangu Desemba 2023 anadhibiti mauzo yake nje. Kwa hiyo mtu wa Brussels anayepanga bajeti anaiona Ruangwa kwenye ramani, hata kama mtu wa Ruangwa hamuoni yeye.

Na kuna kipengele kingine nataka mkisikie vizuri. Sheria hiyo hiyo inasema asilimia 40 ya madini hayo wanayotumia yachakatwe Ulaya. Sisi sheria zetu za 2017 zinasema madini yaongezewe thamani hapa nchini, na serikali ichukue hisa zisizopungua asilimia 16 bure kwenye migodi ya kati na mikubwa. Sasa mnaona mgongano ulipo? Mpango wao wa mazingira ni mpango wao wa viwanda vilevile. Hewa safi ya Munich, kiwanda cha betri Munich, ajira Munich, na shimo Ruangwa. Sisemi tukatae kuchimba. Binafsi naunga mkono kinywe kichimbwe, na najua wapo hapa wasiokubaliana nami. Nasema mwenzako akija mezani na daftari lenye kila kitu, na wewe uje na daftari.

Letu liko wapi?

Nitatoa mfano mmoja. Mei 2024, mvua zile na kimbunga Hidaya. Barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Kilwa, Somanga, na kusini yote ikawa kisiwa kwa siku kadhaa. Bei madukani mnaikumbuka. Kwenye bajeti yetu lile lilihesabiwa kama dharura. Kila mwaka kwetu mvua ni dharura! Daraja linachukuliwa na maji, tunalirudisha, maji yanalichukua tena. Mikorosho inatoa maua, mvua inakuja isipotarajiwa, ukungu unapanda, mkulima anatafuta salfa, msimu umeshaharibika. Hakuna ukurasa kwenye bajeti ya halmashauri unaosema: mwaka huu hali ya hewa imetugharimu kiasi hiki, na mwaka ujao tutafanya hivi.

Juni 2024 IMF ilikubali kuipa Tanzania mkopo wa kama dola milioni 786 kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi, na moja ya mambo yanayotakiwa ni kuyaingiza kwenye upangaji wa bajeti na miradi ya umma. Hebu fikirini. Ulaya wamejifunga wenyewe kwa sheria walizopiga kura. Sisi tunafungwa kwa masharti ya mkopo ambao mimi na wewe tutaulipa, na watoto wetu. Jambo ni jema, ila linaingia kwa mlango wa deni. Mnaukumbuka mjadala wake? Mimi niliusoma kwenye simu, kwa Kiingereza.

Na ndugu zetu wanaosubiri? Nina binamu yangu, eneo lake lilipitiwa na kampuni moja, siitaji. Mthamini akaja, akahesabu mikorosho, akaandika. Akaambiwa asipande cha kudumu. Amekaa misimu mitatu hapandi wala halipwi. Sheria inasema fidia ikipita miezi 6 inalipwa na riba. Yeye hakujua. Nilipomwambia alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza, "Sasa hiyo riba nikaidai kwa nani?"

Hapo ndipo ninapotaka kufikia. Najua mtasema Novemba 2024 tulienguliwa, hatuna mwenyekiti wa kijiji, tutaanzia wapi. Makamanda, mkutano mkuu wa kijiji si wa chama. Kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Hukushinda uchaguzi, bado wewe ni mjumbe. Unaitishwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa pale. Ukiwa hauitishwi, hilo lenyewe ni la kuandika barua.

Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni kila mwaka aandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii, na halmashauri iukubali. Kila mwaka! Huo ndio muhula wetu, upo tayari, umekaa kabatini. Sheria ya uwazi ya mwaka 2015 inamtaka waziri aweke mikataba ya madini hadharani. Nani hapa ameshauona mkataba mmoja? Nyosheni mikono. Haya. Na dhamana ya kufukia mashimo mgodi ukifungwa, imewekwa kiasi gani, iko benki gani? Ruangwa ilikuwa jimbo la Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, sasa kama majibu hayakupatikana kule, sijui yatapatikana wapi.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo. Kila tawi linunue daftari moja, kaunta buku, msiniambie hela hakuna. Ukurasa wa kwanza andikeni hali ya hewa imewagharimu nini mwaka huu kwenye kijiji chenu: madaraja, magunia ya korosho na ufuta, siku ambazo zahanati haikufikika. Ukurasa wa pili, waliothaminiwa na hawajalipwa, na tarehe ya kuthaminiwa. Majina yabaki kwenye daftari, msiyapost, tafadhali sana. Ukurasa wa tatu, ushuru wa huduma na fedha za jamii kutoka migodini: zimeingia ngapi, zimejenga nini. Palipo na kitu usichokijua acha wazi, halafu lile pengo ndilo swali lako kwenye mkutano mkuu. Mkimaliza mnaleta kwa katibu wa wilaya, tunayaunganisha ya Nachingwea na ya Ruangwa kabla halmashauri hazijaanza kuandaa bajeti ijayo. Tukichelewa, tunasubiri mwaka mzima mwingine.

Mimi nimemaliza. Kuna mkono kule nyuma umenyooshwa tangu nilipotaja Munich, naomba tuanze na huyo.