Toeni na Sauti Peke Yake

Mhadhara wa saa moja uliorekodiwa kwa video ya megabiti moja na nusu kwa sekunde unakula takriban megabaiti 675. Toa picha, ibaki sauti ya mzungumzaji kwa MP3 ya kilobiti 64, na mhadhara uleule haufiki megabaiti 30. Tofauti hiyo inalipwa na msikilizaji kwa bando lake. Kwa hiyo vyuo, misikiti na makanisa yanayotoa mawaidha na mihadhara kwa video tu yanawafungia nje watu wengi wenye kiu ya kusikia, na gharama haiwezi kuwa kisingizio. VLC, programu iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris na kufanywa huria mwaka 2001, hailipiwi hata senti. Unafungua menyu ya kwanza, unachagua kugeuza faili, unateua MP3, unaandika jina, basi. Mwenye video mia moja atumie FFmpeg, ambayo kwa amri fupi huchomoa sauti kutoka kwenye MP4 jinsi ilivyo, bila kuibana upya. Kazi hiyo huchukua sekunde chache tu kwa kila video, na ubora haupungui hata chembe.

Wapo watakaosema picha ina kazi yake. Ni kweli, somo la hisabati ubaoni libaki video. Lakini mtu aliyeketi mbele ya kamera akizungumza saa nzima, picha yake inaongeza nini? Hoja nzito zaidi ni ya mapato: video huleta pesa za matangazo, na sauti itawapunguza watazamaji. Hofu hiyo naielewa, ila naona inakosea kuhusu anayehudumiwa. Dereva wa lori aliye njiani, mama aliye jikoni, fundi cherehani mwenye kitambaa mkononi, hao hawakuwa watazamaji tangu mwanzo. Macho yao yana kazi, masikio yako wazi. Kuwapa sauti ni kupata hadhira mpya kabisa.

Lililobaki ni umakini. Sauti itolewe kwenye rekodi ya awali, si kwenye nakala iliyozunguka WhatsApp ikabanwa na kubanwa tena. Mzungumzaji akiwa mmoja, iwe ya mkondo mmoja, maana ukigawa kilobiti 64 kwa mikondo miwili maneno huanza kukwaruza. Na kabla ya kuirusha, ipitishwe kwenye programu ya Audacity, nayo ni ya bure, ili maswali ya waliokaa nyuma ya ukumbi yasikike sawa na majibu.