Zilipendwa: Dansi, Redio na Kumbukumbu za Ujana

Neno zilipendwa lina sifa moja ya kisarufi ambayo wasemaji wake hawaijali, wala hawana sababu ya kuijali. Ni kitenzi kinachofanya kazi ya nomino. Kina kiambishi zi- cha nyimbo, -li- cha wakati uliopita, mzizi -pend- na kauli ya kutendwa. Kwa hiyo ni sentensi kamili, inayotangaza kwamba nyimbo fulani zilipendwa, na inayodokeza kwamba mapenzi hayo yamekwisha. Aliyependa hatajwi. Nchini Kenya muziki wa aina hiyohiyo wa miaka ya 1960 na 1970 huitwa zilizopendwa, na tofauti hiyo ya silabi moja si ndogo. Kirejeshi -zo- humfanya msikilizaji aulize ni nyimbo zipi, kisha aonyeshwe. Umbo la Kenya hunyoosha kidole kuelekea kwenye nyimbo zenyewe. Umbo la Tanzania hufunga shauri.

Hoja ya mhadhara huu inaanzia hapo. Mzee anayenyamaza ghafla pale sauti ya Mbaraka Mwinshehe inaposikika kutoka dukani, je, anaukumbuka wimbo au anajikumbuka mwenyewe? Na ikiwa anajikumbuka mwenyewe, je, wimbo unaafikiana naye?

Swali hili ni la zamani kuliko redio. Mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea utabibu mjini Basel, aliliunda neno nostalgia kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu, ili kuutaja ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, alieleza kwamba askari wa Uswisi walioko ugenini walikatazwa kupiga wimbo mmoja wa wachunga ng'ombe wa kwao, kwa kuwa waliousikia walilia, walitoroka jeshini au hata kufa. Akaongeza jambo la maana zaidi: nguvu hiyo haimo katika wimbo, kwa sababu mgeni akiusikia haumgusi. Wimbo ni alama tu ya kumbukumbu. Kiswahili hakijapata neno moja la hali hii. Hamu ni pana mno, ukiwa ni mzito mno, na majonzi husahau utamu uliomo. Pengine hakikulihitaji neno hilo, kwa kuwa zilipendwa lilikwisha kuifanya kazi.

Wanasaikolojia wameipa hali hii umri. Mwaka 1989 Holbrook na Schindler walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika Marekani, yaliyoonyesha kwamba mtu huelekea kuupenda zaidi muziki uliovuma alipokuwa na umri wa takriban miaka 24. Tafiti nyingine juu ya kumbukumbu za maisha zimeonyesha kwamba watu wazima hukumbuka mengi zaidi ya miaka yao ya ujana kuliko ya miaka iliyofuata. Haishangazi. Huo ndio umri wa mshahara wa kwanza, wa uchumba, wa kuondoka kwa wazazi. Hata hivyo, kijana wa Marekani aliweza kununua santuri na kuipiga chumbani kwake mpaka akinai. Kijana wa Tanga au wa Tabora hakuupata muziki kwa njia hiyo, na njia aliyoupatia ndiyo iliyoiumba kumbukumbu yake.

Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na baada ya uhuru yakawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi katika studio ya redio, na kanda zikabaki palepale. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilitengenezwa Nairobi, na nyumba zenye chombo cha kuzipigia zilikuwa chache. Kwa hiyo wimbo ulikuja kwa saa yake. Msikilizaji hakuuchagua, wimbo ulimkuta alipo. Ulimkuta fundi cherehani barazani, mama akipepeta mchele, mgonjwa wodini akisubiri kipindi cha Ugua Pole apate kusikia jina lake. Watu wawili wasioonana maishani, mmoja Kigoma na mwingine Lindi, waliupokea wimbo uleule katika dakika ileile. Ndiyo maana wazee huzitaja nyimbo hizo kwa wingi wa kumiliki, nyimbo zetu, hata pale wanaposimulia jambo la siri la mtu mmoja.

Sasa itazamwe miaka yenyewe. Ushindani unaosimuliwa kwa furaha kuliko wote ni ule wa Msondo na Sikinde. Msondo ni bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikaja kuitwa JUWATA na baadaye OTTU; Sikinde ni Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978. Majina yote mawili ya mapenzi yametoka katika ngoma za Wazaramo. Lakini ushindani huo ulipamba moto katika miaka ya Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na ya uhaba uliofuata, watu walipopanga foleni ya sukari, sabuni na khanga, hata serikali ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983. Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo anaikumbuka miaka hiyo kwa utamu. Hasemi uongo. Alikuwa na miaka 20.

Nyimbo, hata hivyo, hazikuwa tamu kiasi hicho. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, aliacha wimbo uitwao Shida. Remmy Ongala aliimba Kifo. Sehemu kubwa ya tungo za dansi inahusu ugomvi wa ndoa, fitina za majirani, ndugu waliotupana, mtu aliyekwama mjini bila nauli. Watu waliyacheza malalamiko hayo mpaka alfajiri, na jasho likawa ndilo linalokumbukwa. Anayesema kwamba zamani watu walipendana hujibiwa na wimbo uleule uliomliza. Hapa wimbo unakuwa shahidi dhidi ya msikilizaji wake, na mtafiti wa fasihi asimsikilize mmoja akamwacha mwingine: matini peke yake hayasemi ni saa ngapi na ni baraza lipi, na mzee peke yake hasemi foleni.

Lipo pia suala la wanawake, ambalo limepitwa haraka mno. Katika bendi hizo mwanamke aliimbwa zaidi kuliko alivyoimba, na mara nyingi aliimbwa kama mlaghai wa mjini au mpenda fedha. Binti wa miaka 19 aliyecheza wimbo unaomsuta, na ambaye leo, akiwa bibi, anautabasamia, anakumbuka nini hasa? Wapo bado wa kuulizwa, ila si kwa muda mrefu.

Wazee huhitimisha mazungumzo ya aina hii kwa kuulaumu muziki wa Bongo Fleva, uliopata nafasi pana baada ya redio binafsi kuruhusiwa katika miaka ya 1990. Husema hauna maneno. Hukumu hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama isingekuwa ya mzunguko. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa kuharibu maadili. Vijana walioharibiwa na soul ndio wazee wa leo.

Neno lenyewe limekwisha kuuacha muziki. Leo gari bovu ni zilipendwa, mtindo wa nywele ni zilipendwa, na mwanasiasa aliyepoteza kiti huambiwa naye ni zilipendwa, kiambishi cha nyimbo kikiwa kimemkaa mtu bila mtu yeyote kustuka. Mwaka 2017 kundi la WCB Wasafi la Diamond Platnumz lilitoa wimbo unaoitwa kwa neno hilohilo. Waliokuwa na miaka 20 mwaka ule watatimiza 50 mwaka 2047, na siku hiyo wimbo uitwao Zilipendwa utakuwa mojawapo ya zilipendwa.